Majarida ya Baiskeli za Mlimani na Wasomaji Wake

Michezo mingi ina mashahidi wake. Mpira huchezwa uwanjani mbele ya macho ya maelfu, ngumi hupiganwa jukwaani, na ngalawa hushindana mahali ambapo waliobaki ufukoni huweza kuziona tanga zake. Anayefanya vizuri hushangiliwa papo hapo, na anayeshindwa huzomewa papo hapo. Mchezo wa kupanda na kushuka milima kwa baiskeli haukujaliwa hivyo. Mwenye kuucheza huwa peke yake msituni, au yu pamoja na wenzake wawili watatu ambao macho ya kila mmoja yameshikwa na jiwe lililo mbele ya gurudumu lake. Jambo kubwa humtokea kwa muda wa sekunde mbili, juu ya mzizi wa mti uliolowa, na hapana aliyeliona. Hata yeye mwenyewe hakuliona sawasawa, kwa kuwa alikuwa ameshughulika kulitenda. Jioni hurudi nyumbani na matope magotini, wala hana la kuonyesha ila matope hayo. Mtu wa namna hii ndiye msomaji wa majarida ya baiskeli za mlimani, na katika upweke wake huo imo sababu ya kwanza ya kusoma kwake.

Watu walio nje ya mchezo hudhani kuwa sababu ni nyingine. Mtu asiyehusika akilifungua jarida la aina hii hukutana na bei, uzito wa fremu uliopimwa kwa gramu, urefu wa uma wa mbele, unene wa tairi, na picha za vyuma vinavyong'aa. Naye hulifunga upesi na kuhukumu kwamba ameshika orodha ya bidhaa iliyovikwa joho la fasihi. Hukumu hiyo ina haki kidogo, na haki hiyo itapewa nafasi yake. Lakini haiwezi kueleza kwa nini wasomaji wengi huweka rafuni matoleo ya miaka ishirini iliyopita, ambamo karibu kila kilichotangazwa hakiuzwi tena mahali popote. Orodha ya bidhaa ya duka lililofungwa hufungiwa karanga. Jarida la zamani la baiskeli hupanguswa vumbi likarudishwa mahali pake.

Ili kulijua jambo hili yafaa kwenda lilikoanza. Kaskazini ya San Francisco, katika jimbo la California nchini Marekani, iko wilaya ya Marin na mlima wake uitwao Tamalpais, usiofika hata mita 800 kwenda juu. Katika miaka ya 1970 vijana wa huko walikuwa wakiokota baiskeli kuukuu zilizoundwa katika miaka ya 1930 na 1940, nzito, za tairi nene, ambazo zamani zilipandwa na watoto wa kupeleka magazeti majumbani. Walizipandisha mlimani kwa kuzisukuma au kwa gari, kisha wakashuka nazo. Baiskeli hizo waliziita kwa jina la dharau, klunker, yaani kitu kinachogongagonga kwa uchakavu. Tarehe 21 Oktoba, 1976, walifanya shindano la kwanza la kushuka, mmoja mmoja, kila mtu akipimwa kwa saa, katika barabara ya udongo karibu na mji mdogo wa Fairfax. Njia hiyo iliteremka kiasi cha mita 400 katika mwendo wa kilomita tatu na kitu. Breki ya baiskeli hizo ilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, ikikamata kwa kukanyaga pedali kinyumenyume. Na aliyefika chini alikuta grisi ya kitovu imeungua ikatoka moshi, ikambidi akifungue kitovu na kukijaza grisi mpya kabla ya kushuka tena. Kujaza upya huko kwa Kiingereza ni repack, na shindano likaitwa Repack.

Msimamizi wa shindano alikuwa Charlie Kelly, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kubeba na kupanga vyombo vya bendi ya muziki. Alikuwa na daftari. Katika daftari aliandika jina la kila aliyeshuka na muda wake. Gary Fisher alipata kushuka kwa dakika 4 na sekunde 22, na Joe Breeze kwa dakika 4 na sekunde 24. Na wengi ambao majina yao hayakuvuma popote waliandikwa katika daftari lile lile, kwa mkono ule ule. Historia za mchezo huu hutaja sana fremu mpya ambazo Breeze alianza kuziunda mwaka 1977, na kampuni ambayo Fisher na Kelly waliianzisha mwaka 1979, na fremu ambazo Tom Ritchey aliwaundia. Ni haki yao. Lakini daftari hutajwa kidogo kuliko linavyostahili. Bila ya daftari, kushuka mlima kwa dakika nne kungalikuwa ubishi wa vijana barazani. Kwa daftari kukawa jambo lililotukia.

Mwaka 1980 daftari likazaa jarida. Kelly na Denise Caramagno walianza kutoa Fat Tire Flyer, jarida la kwanza la baiskeli za mlimani. Jina lenyewe ni mchezo wa maneno: tairi nene limo ndani yake, na neno la mwisho lina maana mbili, karatasi ya tangazo inayogawiwa watu njiani na kitu kinachoruka. Matoleo ya kwanza hayakuwa na sura kubwa kuliko ya karatasi hiyo. Yaliandikwa na watu waliokuwa wakipanda kwa ajili ya watu waliokuwa wakipanda, na ndani yake mzaha ulikaa ubavuni mwa maelekezo ya ufundi bila ya kuombana radhi. Kwa miaka kadhaa halikuwa na mwenziwe. Mtu aliyekaa mbali na California, aliyesukuma baiskeli yake kwenda juu huku jirani zake wakimdhania amerukwa na akili, alipolipata jarida hili kwa posta aliona kwamba wazimu wake una wenyeji, una jina na una anwani. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Huyu alikuwa akicheza ugenini katika mji aliozaliwa, na jarida ndilo lililompa kwao.

Hapa msomi wa lugha ana lake la kuangalia, kwa kuwa mchezo mpya huzaliwa bubu. Mpandaji wa mwaka 1976 alikuwa na vitendo vingi na maneno machache. Kijia chembamba kisichopitisha watu wawili sambamba, kiitwe nini? Kurushwa mbele juu ya usukani, je? Na udongo ule ambao mvua ya jana imeulainisha na jua la leo limeukausha nusu, hata ukaishika tairi kama kiganja kinavyoshika mpini? Kila moja katika hayo lilipata jina lake mlimani na barazani, lakini jina la barazani hufa pamoja na baraza lake. Lililochapishwa ndilo lililosafiri. Hata jina la baiskeli yenyewe halikuwa limetulia. Fisher na Kelly waliiita kampuni yao MountainBikes, wakitamani neno hilo liwe mali yao, lisiwe. Wengine katika biashara walipendelea kusema baiskeli za ardhi zote, kwa herufi tatu, ATB. Watu wakalichagua la mlima, ingawa wengi wao wanakaa mahali pasipo mlima. Kiswahili nacho hakijalimaliza jambo hili. Kijia kipo, genge lipo, korongo lipo, mteremko na mwinamo vipo tangu zamani. Lakini msamiati wa mchezo hautokani na kamusi peke yake. Hutaka mahali pa kukutania, ambapo neno la mtu mmoja hujaribiwa na wengine mwezi baada ya mwezi, likakubaliwa au likachekwa.

Sababu nyingine ya kusoma ni nzito zaidi, nayo ni ardhi. Wapandaji walipoongezeka, watu waliotembea kwa miguu na waliopanda farasi walilalamika, na malalamiko yao mengi yalikuwa ya haki: mtu aliyetoka mjini kutafuta utulivu hakutaka kurukia kichakani kila baada ya dakika tano. Wakuu wa mbuga na misitu wakaanza kufunga vijia. Mwaka 1984 idara ya misitu ya Marekani iliweka wazi kwamba baiskeli haziruhusiwi katika nyika zilizohifadhiwa kwa sheria. Na Marin yenyewe, nyumba ya mchezo, ikawa miongoni mwa mahali pagumu kwa mpanda baiskeli kupata kijia cha halali. Mchezo usiokuwa na watazamaji uligundua kwamba hauna watetezi vilevile. Watu waliokwenda mlimani kwa kuukimbia mkutano ilibidi wajifunze mikutano, kura, na barua kwa wakubwa. Mwaka 1988 vyama vitano vya California viliungana na kuanzisha IMBA, chama cha kimataifa cha wapandaji hawa. Mpishe anayetembea, mpishe mwenye farasi, usiserereshe gurudumu ukaichimba njia, usipite palipofungwa: mafundisho ya namna hii yalichapishwa katika majarida tena na tena, pamoja na habari za siku za kwenda na majembe kutengeneza vijia. Ajabu ni kwamba ukurasa uliotazamana nayo aghalabu ulikuwa na picha ya mtu anayeserereka konani, vumbi limepanda juu ya kichwa chake. Mhariri alikuwa na mikono miwili, na haikuwa ikifanya kazi moja. Hata hivyo ni vigumu kuona mtu wa kijiji kimoja angalijuaje kwamba kijia chake kinafungwa kwa hoja zile zile zilizofunga kijia cha mwenziwe aliye mbali, kama si jarida.

Baada ya hapo majarida yaliongezeka. Mountain Bike Action lilitoka California mwaka 1986, katika nyumba ya uchapaji iliyokwisha zoea majarida ya pikipiki za matopeni, nalo lilikuwa na rangi na kelele za pikipiki. Fat Tire Flyer, lisilo na fedha za kushindana na wakubwa, lilikoma mwaka 1987. Mwaka uliofuata Uingereza ilipata Mountain Biking UK, na katika kurasa zake Jo Burt akachora kondoo mpanda baiskeli aitwaye Mint Sauce. Jina hilo lina ucheshi unaotaka kufafanuliwa: ni mchuzi wa nanaa ambao Waingereza huula pamoja na nyama ya kondoo, hata kondoo huyu anakwenda kwa jina la kiungo kitakacholiwa naye. Vijana walinunua jarida kwa ajili ya baiskeli, wakaishia kumpenda kondoo. Kondoo hakuuza kitu. Alipanda kilima, akaketi, akatazama jua likizama, akashuka. Na katika picha hizo chache mlikuwa na ukweli juu ya mchezo kuliko katika majedwali yote ya uzito yaliyochapishwa mwezi ule.

Lililokuwa karibu zaidi na moyo wa Fat Tire Flyer ni Dirt Rag, lililoanzishwa mwaka 1989 na Maurice na Elaine Tierney katika jimbo la Pennsylvania, mbali na milima mirefu ya magharibi, katika nchi ya chuma, makaa na mvua. Liliwapa nafasi wasomaji wake, wachoraji, na watunga hadithi. Liliendesha hata mashindano ya uandishi, jambo ambalo msomaji wa kurasa hizi atalithamini bila ya kuhimizwa. Bike, lililozaliwa katika miaka ya 1990 katika nyumba iliyokuwa ikitoa jarida la wapanda mawimbi, Surfer, lilijifunza kwa ndugu yake mkubwa kwamba picha moja nzuri iachiwe kurasa mbili na maneno yakae mbali nayo. Lakini lilikuwa pia na Mike Ferrentino, ambaye safu yake iliitwa The Grimy Handshake, yaani salamu ya mkono uliojaa grisi. Wasomaji wengi waliianza safu hiyo kabla ya kutazama picha.

Sasa ile haki iliyoahidiwa. Majarida haya hayakuishi kwa bei ya nakala peke yake; yaliishi kwa matangazo, na wenye kutangaza ni wale wale wanaoleta baiskeli zao zijaribiwe. Mwenye kiwanda huikopesha ofisi ya mhariri baiskeli mpya, na mwezi huo huo hununua ukurasa wa rangi nyuma ya jalada. Si lazima mjaribu awe mwongo. Yatosha awe mpole. Ndiyo maana msomaji mzoefu husoma habari za majaribio kama mwalimu mkuu asomavyo barua ya sifa za mtu anayeomba kazi: hatafuti kilichosemwa, hutafuta kilichoachwa. Baiskeli iliyosifiwa kwa rangi yake na kwa wepesi wa kuipandisha garini imekwisha hukumiwa. Kwa miaka mingi gurudumu lilikuwa la inchi 26. Likaja la 29. Kisha likaja la katikati, 27.5, na kila lilipokuja jipya, lile la jana ambalo lilikuwa halina ila lilionekana ghafula kuwa na ila nyingi. Msomaji aliyeweka matoleo ya zamani rafuni alikuwa na ushahidi wote mkononi mwake, akacheka, na aghalabu akanunua gurudumu jipya. Lakini palipotokea mwandishi aliyesema wazi kwamba fremu fulani ilimtia hofu mteremkoni, au kwamba kitu cha bei ya nusu kilimfaa sawasawa na cha bei kamili, jina lake lilikaririwa miaka mingi. Imani hiyo ndiyo iliyokuwa rasilimali ya kweli ya jarida, nayo haikuandikwa katika hesabu zake.

Zimebaki sababu ndogo ndogo ambazo si za kudharauliwa. Kuna usiku na kuna baridi. Katika nchi za kaskazini vijia hufunikwa na theluji kwa miezi, na mkono uliovunjika huchukua wiki sita kuunga. Aliyezuiliwa hivyo husoma kama mfungwa asomavyo barua. Kuna pia ukurasa wa ufundi, jinsi ya kunyoosha gurudumu lililopinda kwa kukaza na kulegeza spoki, au jinsi ya kuunga mnyororo uliokatika mbali na nyumba, ukurasa unaosomwa ukiwa umelazwa sakafuni na kushikwa kwa vidole vichafu. Katika marundo ya majarida ya zamani, kurasa za namna hii ndizo zenye madoa.

Msomaji wa Afrika Mashariki huweza kuuliza yote haya yanamhusu nini. Kwake baiskeli ni mikungu ya ndizi, madumu ya maji, magunia ya makaa, maziwa ya alfajiri. Kupanda nayo mlima bila ya mzigo, kushuka, kisha kupanda tena, ni kazi isiyo na ujira. Swali hilo ni la haki, na wakubwa wa mchezo wamekutana nalo. Hans Rey, ambaye picha zake zilijaa katika majarida haya tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, alipanda Mlima Kenya na Kilimanjaro mwaka 2016 pamoja na Danny MacAskill wa Skotlandi na Gerhard Czerner wa Ujerumani, wakizibeba baiskeli mgongoni mahali pasipopandika. Katika habari za namna hii mlima wa Afrika huelekea kuwa pazia zuri la nyuma, na mpagazi huwa nusu ya kivuli. Lakini Rey huyo huyo alikuwa ameanzisha mwaka 2005 shirika la Wheels 4 Life, la kuwapa baiskeli watu wanaozihitaji kwa kwenda shuleni na kazini; na mwaka ule ule Tom Ritchey, aliyewaundia Fisher na Kelly fremu zao, alikwenda Rwanda, akaona wakulima wakihangaika na mizigo yao vilimani na baiskeli za mbao zikishuka nayo, na kutokana na safari hiyo ikaundwa baiskeli ndefu ya kubebea kahawa. Mashindano na timu vikafuata. Mwaka 2012 Adrien Niyonshuti wa Rwanda alishindana kwa baiskeli ya mlimani katika Olimpiki ya London, akamaliza wa 39. Kati ya anayesukuma kahawa na anayeshindana London umbali si mkubwa kama unavyoonekana katika kurasa za picha: kilima ni kile kile, na mapafu ni yale yale.

Majarida mengi katika haya sasa ni marehemu. Dirt Rag lilifunga milango mwaka 2020, baada ya miaka thelathini; Bike likasimamishwa mwanzoni mwa 2021. Watangazaji walihamia katika intaneti, na kamera ndogo ikafungwa juu ya kofia ya mpandaji, hata mtu asiye na shahidi akapata shahidi asiyesinzia. Yamkini mtu atasema kwamba haja ya maneno imekwisha. Kila mpandaji anajua sivyo. Kamera huulaza mteremko. Genge lililomkausha mtu mate huonekana katika picha zake kama uwanda, na wenzake wakamwuliza alikuwa akiogopa nini. Kamera huhifadhi kila kitu ila hofu, na hofu ndiyo iliyokuwa habari yenyewe. Singletrack, lililoanzishwa mwaka 2001 katika mji mdogo wa Todmorden kaskazini ya Uingereza, lilipoona matangazo yanapungua liliwageukia wasomaji wake na kuwataka wawe wanachama, walipe wao wenyewe gharama ya kusomewa mioyo yao. Na wako waliolipa.

Charlie Kelly naye, alipokwisha kuwa mtu mzima mwenye mvi, alitoa kitabu mwaka 2014 juu ya siku zile za Marin. Alikuwa na majina mengi ya kuchagua. Alikuwa mwenye shindano, na alikuwa mshirika katika kampuni iliyoliuza neno la baiskeli ya mlima kwa ulimwengu. Juu ya jalada, kwa herufi kubwa, aliandika Fat Tire Flyer.